Gliserini Iliyokunywa Maji

Kazi yangu ya shahada ya pili ilikuwa rahisi kuieleza. Maji ukiyapoza yanaganda, kila molekuli inashika nafasi yake na kutulia. Gliserini haipangiki hivyo kwa urahisi. Inazidi kuwa nzito, molekuli zake zinageuka polepole, polepole zaidi, mwishowe inakuwa ngumu kama kioo huku ndani bado ni vurugu. Nilitaka kupima molekuli hizo huchukua muda gani kugeuka katika kila kiwango cha baridi. Profesa wangu, chuoni Bungoma, aliniambia ni kazi ya miezi sita.

Friji haifikishi baridi hiyo. Nilihitaji nitrojeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika, na mtu pekee niliyemjua aliyekuwa nayo alikuwa daktari wa mifugo kule kwetu Kitale, aliyehifadhia ndani yake mbegu za madume. Siku za juma nilifundisha fizikia sekondari. Jumamosi asubuhi nilisimama langoni kwake na mtungi wangu.

"Madam, leo sina ya kukupa," aliniambia mara nyingi. "Kuna ng'ombe anataka dume huko Tongaren."

"Lakini daktari, si uliniahidi?"

"Niliahidi, ndio. Sasa ng'ombe hakujua."

Siku aliyonipa, nilifika Bungoma mtungi umebaki nusu, na kabla sijaanza kupima stima ikapotea. Tayari nilikuwa nimemimina gliserini kati ya vibati viwili vya chuma, nimeunganisha nyaya za kupimia. Nikakaa kwenye stuli saa mbili, tatu, nikiangalia nitrojeni ikichemka hadi ikaisha.

Jumamosi nyingine stima ilirudi nitrojeni ikiwa bado ipo, nikapima, lakini majibu yalinikataa. Molekuli zangu ziligeuka haraka kuliko za watafiti wengine wote, tena kila Jumamosi kwa kasi yake. Nilibadilisha nyaya. Nilisugua vibati mpaka vikang'aa. Niliazima kipimajoto cha idara nyingine.

"Rudia," profesa alisema.

Nikarudia. Akaangalia grafu, akanirudishia. "Rudia tena."

Mwaka ukaisha hivyo.

Siku moja ya mvua nilikuwa jikoni na mama yangu, yeye anajipaka gliserini kwenye visigino, mimi nalalamika. Akainua kichupa chake.

"Si ni hii tu unapima huko?"

"Ndiyo, Mama."

"Hii nikisahau kuifunga, inakuwa nyepesi. Inavuta maji ya hewani. Ndiyo maana inalainisha miguu."

"Ya maabara ni safi, Mama. Si ya dukani."

"Basi kama ni safi si itakuwa na kiu zaidi?"

Nikamjibu vibaya, ati aniachie mambo ya shule, nikatoka nje. Nilikasirika kwa sababu alikuwa sawa, na kwa sababu nilijua. Jambo hilo nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe katika sura ya pili ya tasnifu: gliserini hufyonza unyevu. Niliandika, nikaweka nukta, nikasahau.

Wiki iliyofuata niliweka gliserini kidogo kwenye kisahani wazi, nikaipima uzito. Baada ya siku tatu ilikuwa imeongezeka. Zile saa zote nilizongoja stima irudi, sampuli yangu ilikuwa pale mezani inakunywa hewa ya mvua. Na maji kidogo tu yakiingia, molekuli zinalegea, zinageuka haraka.

Nilimpelekea profesa habari hiyo mwenyewe. Alivua miwani.

"Kwa hivyo hukupima gliserini. Ulipima mchanganyiko, na hujui ulikuwa na maji kiasi gani."

"Mwaka mzima, Prof?"

"Mwaka mzima." Akavaa tena miwani. "Badilisha kichwa cha tasnifu. Pima michanganyiko. Ila safari hii maji uyatie wewe."

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za maabara. Wanafunzi walinipita wakiniambia "Sasa, madam." Nilitamani kuacha. Nilihesabu ni akina nani nitalazimika kuwaambia kwamba nimeacha, nikaona ni wengi, nikarudi ndani.

Nikaanza upya. Nilikausha gliserini kwa moto mdogo, nikaifunga kwenye chupa zenye vizibo vya mpira, nikatia maji kwa kipimo, chupa baada ya chupa. Sampuli haikumiminwa tena kabla ya stima kuwepo. Safari hii grafu zilijipanga: maji yakizidi, molekuli zinageuka upesi zaidi, bila kurukaruka. Hakukuwa na jambo jipya hapo. Wengine walishaliona zamani kwa mashine nzuri kuliko zangu. Lakini zilikuwa grafu zangu na zilikuwa sahihi.

Nilipita. Mama alichinja kuku, akaalika majirani, akawaeleza nilichosomea vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Nilikula nikacheka nao. Ndani bado nilikuwa na hasira ya ule mwaka, na Jumatatu nikaingia nayo darasani.