Kabla Mkata Vimio Hajafika Sokoni

Nikimsikia mtu mwingine akiniambia moyo wangu uliumia kwa sababu ya mawazo, nitamjibu vibaya, na sitaomba radhi. Mawazo gani? Nimezaliwa kwenye migomba na kahawa huku juu Meru, nikateremka Kimandolu, Arusha mjini, nikafungua duka la steshenari. Nauza daftari na kutoa fotokopi. Mawazo yangu makubwa yalikuwa umeme kukatika mashine ikiwa katikati ya kazi. Lakini wenzangu wa kwaya wameshaamua kwamba ni mawazo. Jirani anasema ni mume. Na mama yangu mzazi, ukimuuliza, anakunja uso na kusema ni damu ya upande wa marehemu baba, maana kwao walikuwa wanaanguka tu ghafla.

Kabla ugonjwa haujajulikana, kila zahanati niliyoingia nikihema nilitoka na taifodi. Nisipopewa taifodi, napewa UTI. Mmoja aliniandikia dawa ya kupuliza ya pumu, nikapuliza weee, na bado nikilala chali nahisi nazama, mpaka nikawa nalala nimeegemea mito kama mgeni anayesubiri chai. Basi siku moja daktari mmoja mama wa makamo akaniwekea kipimo kifuani, akafumba macho, akaniambia ninyamaze. Akanituma kwenye kipimo cha eko, kile cha kupiga picha ya moyo. Kumbe moyo una milango, inaitwa valvu, inafunguka damu ipite na kufunga isirudi nyuma. Mmoja wangu ulikuwa umekakamaa, haufunguki vizuri wala haufungi.

Nikapelekwa Dar es Salaam, wakanipasua kifua, wakanitilia valvu ya chuma. Inalia tik-tik kama saa. Kanisani wakati wa maombi ya kimya, mzee aliyekaa mbele yangu hutazama saa yake ya mkononi, anadhani ndiyo inayolia. Kwa ajili ya hiyo valvu nameza kidonge cha kuzuia damu isigande, kila siku ya maisha yangu, na napimwa damu mara kwa mara. Mboga za majani nazo nile kwa kiasi kilekile, nisizidishe, kwa sababu zinaipunguzia ile dawa nguvu. Sasa nenda kawaambie Wameru kwamba mgonjwa aliyetoka kupasuliwa asijaziwe sahani ya mnafu. Watakusikiliza kwa adabu zote, halafu watakujazia.

Lakini si hayo yaliyonikasirisha zaidi. Kule Dar, kabla ya operesheni, daktari aliniuliza kama utotoni nilikuwa naumwa koo mara kwa mara. Nikasema ndiyo, sana. Akauliza nilitibiwa nini. Nikamwambia nilikatwa kimio.

Akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu, bila kunidharau, kwamba koo la mtoto linaweza kuwa na wadudu ambao wasipouawa kwa dawa mwili unapigana nao mpaka unauumiza moyo wenyewe. Ule mlango wangu ulianza kuharibika nikiwa mtoto. Kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakukugusa wadudu hata kidogo. Dawa yake ilikuwepo, ya kawaida kabisa, hata vijijini.

Sikumwambia mama. Utamwambiaje mtu aliyesafiri mpaka Dar na mkungu wa ndizi mshare kwa sababu hakuviamini vyakula vya pwani? Nilimeza hilo neno pamoja na vidonge, nikarudi Arusha nalo.

Kifua kilikuwa bado hakijaunga sawasawa, nimekatazwa kubeba kitu kizito, kwa hiyo shule zilipofungwa binti yangu nikampeleka mlimani kwa bibi yake. Ana miaka saba. Siku chache baadaye mama akapiga simu asubuhi, sauti ya mtu aliyemaliza mambo yake.

"Mtoto ana kimio," akasema. "Hali chakula, anakohoa, ana joto. Usiwe na wasiwasi, leo ni siku ya soko, mkataji atakuwepo."

Nilimwambia, "Mama, usimpeleke." Akasema hanisikii vizuri. Huwa hanisikii vizuri akishaamua jambo. Nikapiga tena, simu imezimwa.

Nikafunga duka, nikachukua bodaboda. Tulipita Makumira, tukaanza kupanda, na mvua ilikuwa imeshakula barabara, kijana akasema pikipiki haiendi zaidi ya hapo. Nikashuka nikapanda kwa miguu. Mlima si wa mchezo kwa mtu mwenye kifua kizima, sembuse mimi. Na kama hiyo haitoshi, ilikuwa siku ya soko, njia nzima wazee wanateremka. Kila mzee ni shikamoo, na kila marahaba ina maswali. Mwanangu, umepona? Bwana asifiwe. Hebu tukuone. Wamekutia chuma kweli? Na mume yupo? Huwezi kumpita mzee wa kwetu hivihivi ukasema nina haraka, utasemwa mpaka kwa wajukuu. Nikawa najibu huku machozi ya hasira yananilenga, nao wanadhani ni shukrani.

Nilimkuta mama uani ameshavaa kitenge cha kutokea, jogoo wa kumlipa mkataji amefungwa miguu pembeni. Mtoto amekaa kwenye kigoda, kafungwa skafu shingoni, macho yamelegea. Nikamgusa, anaunguza.

"Mama, shikamoo. Huyu anaenda zahanati."

"Marahaba. Zahanati hawajui kimio. Watamchoma sindano, na mwenye kimio ukimchoma sindano unamuua. Wewe mwenyewe nilikulea, hukufa."

"Nilikuwa nakufa."

"Hiyo ni damu ya kina baba yako. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, usinifundishe mimi."

Hapo ndipo kichwa kiliponipanda, na neno nililolitunza likanitoka bila kupangwa. Nikamwambia si damu ya baba. Nikamwambia ni koo. "Ulinipeleka mara mbili, mama. Ulinishika kichwa mwenyewe, yule mzee akakata, na ugonjwa ukabaki mlemle ukala moyo. Daktari ameniambia. Ukimpeleka na huyu, na yeye utakuja kumpelekea ndizi Dar."

Niliona aibu nilipoyasikia. Lakini nilikuwa na hasira kuliko aibu, na sikuyafuta.

 Mama alimwinua mtoto, akampandisha mgongoni, akamfunga kwa khanga kama mtoto mchanga, miguu mirefu inaning'inia. Akatoka. Jogoo akabaki palepale. Nikamwita, hakugeuka. Nikamfuata, ila mama yangu na umri wake anateremka mlima kama mbuzi, na mimi nasimama kila hatua kadhaa nikitafuta pumzi. Nikampoteza kwenye migomba, nikamwona tena chini, nikampoteza. Kule chini njia inagawanyika: kushoto soko, kulia zahanati. Nilijiambia akienda kushoto sitamwachia tena mtoto huyu maisha yangu yote. Nilimaanisha.

Nilipofika njia panda hawakuwepo. Mama mmoja aliyekuwa anauza parachichi hapo akanyoosha mkono kulia kabla sijamuuliza.

Niliwakuta kwenye benchi, mbele ya foleni, sijui alipitaje. Daktari alikuwa kijana, amechoka, watu wamejaa mpaka nje. Alimpima mtoto malaria, hana. Akamgusa paji la uso. Mdomo hakumfungulisha.

"Ni mafua tu haya, bibi," akasema. "Mpe panado, asukutue na maji ya chumvi. Anayefuata."

Nilisimama nizungumze, lakini pumzi ilikuwa bado haijarudi, nikatoa sauti kama ya mtu anayekabwa. Nilikasirika. Nimepanda mlima, nimemvunja mama yangu moyo, nimefika mahali penyewe, na mtoto anarudishwa nyumbani na panado.

Mama hakuinuka. Aliyefuata alikuwa ameshakaribia, mama akamzuia kwa mkono.

"Daktari," akasema, na alisema kwa sauti ya kawaida ya kanisani, watu wote wa benchi wakasikia, na karibu wote wanamjua. "Huyu aliyesimama hapa ni mwanangu. Alikuwa anaumwa koo hivihivi. Mimi nilimpeleka kwa mkata vimio, nikaambiwa amepona, nikaamini. Sasa ana chuma moyoni. Mwangalie huyu mtoto koo, halafu umwandikie sindano."

Yule kijana alinitazama kifuani, penye kovu linalochungulia juu ya blauzi. Akachukua tochi, akamfungua mtoto mdomo, akamulika kwa muda mrefu.  Akaandika sindano.

Wakati anaandika aliuliza, kwa upole safari hii, "Na huyu mwanao alikatwa mara ngapi?"

"Mara tatu," akajibu mama, hanitazami. "Ya kwanza alikuwa bado ananyonya."

Hiyo ya kwanza nilikuwa sijawahi kuambiwa.