Siku Baba Alipotoa Kinu Uani

Juzi, rafiki yangu, nilicheka peke yangu ndani ya supamaketi mjini Machakos mpaka mlinzi akaanza kunifuata nyuma. Nilikuwa nimeona, katikati ya mchele na dengu, pakiti ya muthokoi. Mahindi meupe, yameshakobolewa, yamefungwa ndani ya nailoni, yanangoja tu mtu wa kuyamimina kwenye sufuria. Nikaigeuza ile pakiti huku na huku nikitafuta jasho la mtu. Halikuwepo.

Kama hukukulia Ukambani, nikueleze kidogo. Muthokoi ni mahindi makavu yanayotwangwa kwenye kinu mpaka ganda la nje litoke, halafu yanachemshwa na maharagwe au mbaazi mpaka yanalainika kabisa. Ni chakula cha kila siku, lakini usikidharau. Nyumbani kwetu kiliwahi kuwa ndicho kitakachoamua kama tutabaki chini ya paa moja au tutatawanywa kama vifaranga.

Tulikaa chini ya vilima vya Iveti, nje kidogo ya mji. Ukisimama mlangoni uliona mabati ya Machakos yakimetameta, na ukisimama jikoni uliona mashamba ya matuta yakipanda mlima. Ilipofika saa kumi jioni, michi ilianza kulia mtelemko mzima. Sisi watoto tulimjua kila mama kwa mchi wake. Mama mmoja alitwanga kwa haraka kama aliyeacha chungu motoni, mwingine alitwanga na kupumzika, akatwanga na kupumzika. Mchi wa mama yetu ulikuwa mpole na haukukatika. Tukitoka shuleni tukausikia tukiwa bado barabarani, tulijua tutakula vizuri, na tulianza kukimbia.

Basi mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, mchi wa mama ukanyamaza. Alikuwa na ujauzito wa mtoto wa tano, na ujauzito ule ukamsumbua hata daktari akaamuru alale hospitalini mjini mpaka ajifungue. Mimi, kifungua mimba, nilikuwa darasa la nne. Nyuma yangu kulikuwa na dada yangu, halafu ndugu yangu, halafu yule tuliyemwita Mdogo, ambaye ndio kwanza alikuwa amejua kukimbia bila kuanguka.

Baba alifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja huko Athi River, na nyumbani tulimwona mwisho wa wiki tu. Aliomba likizo, akaja na ovaroli yake ya buluu na filimbi. Filimbi ile sijui aliitoa wapi. Asubuhi aliipuliza mara moja tukaamka, akaipuliza tena tukapanga foleni ya kunawa uso, na jioni akaipuliza kutangaza zamu ya kuosha miguu. Dada yangu alikuwa msimamizi wa kuni, ndugu yangu msimamizi wa kuku, na mimi nilipewa cheo kikubwa cha kumbeba Mdogo. Baba alipika ugali mgumu ambao ungeweza kuutupa juu ya paa na ukarudi mzima. Nywele zangu alizifunga vifundo vinne kwa uzi wa gunia, nikaenda shule hivyo hivyo, kichwa juu, kwa sababu ni baba aliyenisuka.

Jirani yetu, mama wa dukani, alikuwa mtu wa Pwani aliyeolewa Machakos, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kama mahamri yake. Aliponiona na vile vifundo alinikalisha kwenye kreti ya soda, akanifumua na kunisuka upya. Baba alipokwenda kumshukuru, akalalamika kwamba kazi ya nyumbani haina mwisho wala kengele ya kutokea, mama wa dukani akamjibu, "Usione vyaelea, baba, vimeundwa." Baba alirudi akilirudia hilo neno siku nzima.

Kulikuwa na shida moja tu, nayo haikusikia filimbi. Mdogo hakutaka kula. Mama alikuwa amemzoesha muthokoi uliopondwa na viazi, naye alifunga mdomo mbele ya ugali wa baba kama mtu aliyeapa. Mkate aliunyonya na kuutema. Chai alikunywa kidogo. Mashavu yake yakaanza kushuka, na nilipombeba mgongoni nikamhisi mwepesi. Niliogopa, na sikumwambia mtu.

Ndipo nyanya, mama yake baba, alipokuja kutujulia hali kutoka Mitaboni. Sisi tulimwita Susu, kama Wakamba wote. Alimpakata Mdogo, akampapasa mbavu, akatazama kinu kilichokuwa kimelala kifudifudi kona ya jikoni na buibui amejenga mguuni pake. Alisema mji usiotwanga ni mji unaolala njaa. Kisha akatoa uamuzi. Angerudi Jumamosi. Akikuta hali ni ile ile, atamchukua Mdogo aende naye Mitaboni, mimi na dada yangu tutapelekwa kwa shangazi huko Masinga, na ndugu yetu atapata pa kuwekwa.

Susu hakuwa mtu mbaya. Ndivyo mambo yalivyofanywa: mama akilazwa, watoto wanagawanywa kwa jamaa, na mwanamume anarudi kazini kwake. Hakuna aliyeona aibu, na watoto wengi walilelewa vizuri hivyo. Lakini Masinga ilikuwa mbali, na sisi tulikuwa tumesikia habari za mamba wa bwawani. Dada yangu alianza kulia, nami nikalia kwa kumsaidia. Susu alipokwisha kuondoka, baba alituita jikoni. Hakupuliza filimbi.

"Hakuna mtoto wa hii nyumba ataenda mahali," alisema. "Mama yenu akirudi, atapata nyinyi wote hapa."

Kesho yake alifunga mlango wa jikoni, akasimamisha kinu, akamwaga mahindi makavu ndani, akaanza kutwanga. Unajua kwa nini alifunga mlango? Mwanamume mwenye watoto wanne, tena Mkamba wa kiwandani, hakushika mchi mahali pa kuonekana. Alichosahau ni kwamba jiko letu lilikuwa la mabati. Kila pigo liligonga ukutani, likapanda paani, likashuka bondeni. Lilikuwa pigo la hasira, kavu, kama mtu anayevunja mlango. Watoto wa majirani walikuja kuuliza kama tunajenga. Alipofungua mlango, ovaroli imelowa mgongo mzima, ndani ya kinu hamkuwa na muthokoi. Mlikuwa na chenga na vumbi, nusu unga nusu mawe, na maganda yamo humo humo. Kuku wa ndugu yangu walifanya sherehe.

Mashine ya kukoboa ilikuwepo mjini, na mtu mwingine angekimbilia huko. Lakini Susu alikuwa na ulimi ambao haujapata kudanganywa. Alidai muthokoi wa mashine unanuka dizeli, na kijiko kimoja kilimtosha kujua.

Ijumaa baba alikwenda kumwona mama. Sisi watoto hatukuruhusiwa wodini, kwa hiyo haya ninayokuambia nimeyasikia kwao wenyewe, na wameyasimulia mara nyingi wakisaidiana. Baba alimweleza mama yaliyompata kwenye kinu. Mama alicheka mpaka muuguzi akaja kumkemea baba kwamba mgonjwa huyu ametakiwa kutulia. Alipopata pumzi, akamuuliza, "Ulinyunyizia maji?" Baba hakujua kwamba kuna maji. Mama akamshika mkono, akamwonyesha juu ya blanketi. Unalowesha kidogo, unaacha ganda linywe, halafu mchi unashuka na kusugua, haupigi. "Hiyo mahindi unaivua shati," alimwambia. "Kama mtoto amelala nayo. Pole pole, asiamke."

Baba alirudi mchana huo akiwa mtu mwingine. Tulimwona akiingia jikoni, tukadhani atafunga mlango tena. Badala yake alikikumbatia kinu, akatoka nacho, akakiweka katikati ya ua, jua likiwa bado kali, mbele ya barabara na mtelemko mzima.

"Kama ni kuchekwa," alisema, "wacha tuchekwe mara moja tumalize."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapima mahindi kwa kikombe cha mama, akanyunyizia maji kwa vidole, akasubiri. Akashika mchi. Ilikuwa saa kumi hasa, na michi mingine ilikuwa imeshaanza huko juu na chini. Pigo lake la kwanza likashuka zito, la pili likayumba, la tatu likagonga ukingo. Mchi mmoja huko ng'ambo ukanyamaza. Kisha wa pili. Kisha mtelemko wote ukawa kimya, nasi tukajua wanamsikiliza baba yetu. Mama wa dukani alitoka akasimama kwenye ua wa minyaa, mikono imejaa unga. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama, akaweka mguu chini, akatazama.

Nilitamani ardhi inimeze, nakuambia kweli. Halafu nikamwangalia baba usoni. Hakuwa anamwangalia yeyote. Alikuwa ameinamia kinu, midomo inachezacheza, anarudia maneno ya mama. Na ule mchi ukaanza kutulia. Ukashuka, ukasugua, ukapanda. Ganda la kwanza likaruka likanata mkononi mwake, jembamba kama ngozi ya kitunguu, akaliinua juu atuonyeshe.

Hapo ndipo mchi mmoja ng'ambo ulipoanza tena. Wa pili ukafuata, wa tatu ukaingia, na kabla sijaelewa kinachotokea mtelemko wote ulikuwa unatwanga pamoja na baba. Hakuna aliyecheka. Yule wa baiskeli alisalimia, akaenda zake. Rafiki yangu, nimewahi kupigiwa makofi ukumbini nikipokea shahada, na makofi yale hayafiki hata nusu ya michi ya Ijumaa hiyo.

Tulipogeuka, Susu alikuwa amesimama langoni. Alikuwa amekuja siku moja mapema ili atukute kabla hatujajipanga, na kiondo kikubwa kilikuwa mgongoni, kile cha kubebea nguo za Mdogo. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Baba alimwona, akasita. Susu akaingia, akateremsha kiondo, akachukua ungo ukutani, akaketi chini, miguu imenyooka, akaunyoosha ungo mbele ya kinu apewe. Baba akamtilia. Susu akapepeta, maganda yakaruka, mahindi yakabaki meupe. Wakaendelea hivyo, mtu na mama yake, mpaka kinu kikaisha.

Jumamosi sufuria ilikaa motoni tangu asubuhi. Mchana tuliketi wote jikoni. Baba alipondea Mdogo sehemu yake na kiazi, akapuliza, akamsogezea kijiko. Mdogo akakitazama. Akafunga mdomo. Dada yangu alinishika mkono mpaka ukaniuma. Susu aliacha kutafuna. Mdogo akanusa, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatutazama mmoja mmoja kama anayetuuliza tulikuwa tumekificha wapi. Kisha akafungua mdomo.

Alikula mpaka kijiko kikagonga sahani tupu, akashuka mapajani mwa baba, akaenda kwa Susu, akatia mkono kwenye sahani yake. Susu akamwachia. Alimtazama mwanawe, akasema kwa Kikamba maneno ambayo baba mpaka leo huyarudia akiwa na furaha: "Hawa watoto wana mama wawili. Mimi nitachukua nani?"

Aliondoka jioni ile kiondo kikiwa kimejaa. Kilijaa pumba za kuku wake, na juu yake kifurushi cha muthokoi mbichi wa baba, ambao nasikia aliutembeza Mitaboni nzima akiwaonyesha wanawake wenzake. Mama alirudi baadaye na mtoto wa kike mnene mwenye sauti. Alituhesabu mlangoni kwa kutugusa vichwa, akakuta tumetimia.

Ile pakiti ya supamaketi niliinunua, nikampelekea baba. Sasa ni mzee, na Susu tulishamzika. Mdogo alikuwepo, mwanamume mwenye ndevu na binti wa miaka sita. Baba aliisogeza pakiti mbali na macho ili asome, akauliza, "Hii ilitwangwa na nani?" Akaiweka chini, akatuma kinu kiletwe. Tulikikuta nyuma ya nyumba, kuku anatagia ndani yake.

Tulitwanga uani saa kumi, na nikatega sikio kama zamani. Nilisikia pikipiki, nikasikia televisheni za nyumba za kupangisha. Hakuna mchi uliojibu, na nilihuzunika, sitakuficha. Mama wa dukani alirudi Pwani zamani, na ua wa minyaa sasa ni ukuta wa mawe. Lakini binti wa Mdogo alikuwa amesimama mbele ya kinu, anaomba naye ajaribu. Baba akampa mchi unaomzidi urefu. Mtoto akauinua kwa nguvu zake zote, akapiga, mahindi yakaruka mpaka miguuni kwetu.

Baba akachovya vidole kwenye maji, akanyunyiza, akaiweka mikono yake juu ya mikono ya mtoto.

"Pole pole," akamwambia. "Unaivua shati. Kama mtoto amelala nayo."