Baba Alipoomba Jembe Hotelini

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilianza kwa kumkosa baba yangu kitandani. Ilikuwa asubuhi ya tatu tangu tufikie kwenye nyumba ya wageni ya Mama Zuhura, Ujiji, upande wa Kasingirima. Lakini ngoja, nimeanzia katikati. Ndivyo nilivyo, mke wangu hunisema kila siku kwamba hata habari naiendesha kama lori lililokatika breki. Turudi nyuma kidogo.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, dereva wa malori, mtu wa leo hapa kesho kule. Baba alikuwa mgane, mkulima wa kahawa huko Kalinzi. Nilimshusha mjini kumpeleka hospitali kwa sababu tumbo lilimsumbua na nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya. Baada ya vipimo daktari aliniita peke yangu, akafunga mlango. Akaniambia ni uvimbe kwenye ini, umeshatapakaa, na kilichobaki ni miezi michache. Akaniuliza, "Nimwambie mimi au utamwambia wewe?" Nikadakia kwamba nitamwambia mwenyewe.

Nilipotoka, baba alikuwa kwenye benchi, kofia ameiweka mapajani. "Wamesemaje?"

"Vidonda vya tumbo," nikasema. "Unahitaji kupumzika tu."

Uongo ule ulinitoka kabla sijaufikiria, na uongo ukishauzaa huna budi kuulea. Ndipo nikamwambia nimechukua likizo, twende tukapumzike siku tano kando ya ziwa. Moyoni nilijiwekea ahadi kwamba huko, tukiwa tumetulia, nitamwambia kweli yote.

Nyumba ya Mama Zuhura ilikuwa na vyumba vinne na baraza moja ndefu. Magodoro membamba, vyandarua vina viraka, maji ya kuoga unaletewa kwenye ndoo, ya moto ukiomba. Wageni wote tulikula meza moja na familia yake, samaki wa migebuka waliokaangwa kwa mawese na ugali wa muhogo, na usipomaliza alikuuliza mbele za watu umekosewa nini. Wageni wengine walikuwa mwalimu mmoja wa Tabora na mkewe na watoto wao, waliokuwa wakishinda majini. Baba alikuwa ameliangalia ziwa toka milimani maisha yake yote, lakini hakuwahi kulala kando yake. Asubuhi ya kwanza aliamka akasema, "Kumbe lina kelele hivi." Akacheka mwenyewe.

Sasa sikiliza nilivyokuwa mjinga. Nilikuwa sikai. Kila tulipoketi barazani na kimya kikaingia kati yetu, lile neno lilinipanda kooni, nami nasimama. Twende sokoni. Twende makumbusho. Twende mwaloni tukaone mitumbwi ikishusha dagaa. Mzee wa watu ananifuata, miguu imeanza kumvimba. Siku ya pili nikaazima gari, nikampeleka hadi Ilagala kuona Mto Malagarasi unavyoingia ziwani, eti atafurahi. Njia nzima alikuwa akitazama nyumba za watu. Nikadhani amechoka, nikamrudisha bila hata kuzima injini kijijini. Jioni ile aliniambia, "Mwanangu, kaa." Nikamjibu kwamba nakwenda kuangalia matairi. Nikayaangalia mara mbili, na gari lenyewe si langu.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mimi niliisikia methali hiyo tangu utotoni nikidhani inawahusu wanaochelewa mabasi.

Basi, asubuhi ya tatu kitanda chake kitupu. Nikatoka mbio, nimevaa ndala moja. Nikamkuta nyuma ya jiko, kwenye kipande cha shamba cha Mama Zuhura, amekunja suruali, anapandisha matuta ya viazi vitamu. Jasho linamchuruzika. Mwalimu na mkewe wamesimama barazani na vikombe vya chai wanamtazama, na Mama Zuhura amemshikia kofia.

Nikalidaka jembe mpini. "Baba, lete hapa. Unaniaibisha."

Hakuliachia. "Mgeni siku mbili," akasema taratibu. "Leo ni ya tatu."

"Hiyo ni kwa watu! Hapa ni hotelini!"

"Ala," akasema Mama Zuhura. "Kumbe hapa kwangu si kwa watu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Baba akaniuliza mbele ya wote, "Vidonda vya tumbo vinamkataza mtu kulima?" Akaliachia jembe, akanawa mikono kwenye ndoo, akaingia ndani.

Mama Zuhura alikuwa mwanamke mnene, mpole, sauti yake haipandi. Lakini asubuhi ile alinishika mkono akanikalisha juu ya kinu kama anavyokalishwa mtoto. "Jana mzee aliniomba jembe," akasema. "Nikamkatalia, nikamwambia wewe umekuja kupumzika. Unajua alinijibu nini? Alisema, mama, mwanangu ananitembeza kama mtu anayeagwa, nataka nione kama nguvu bado ninazo. Ndiyo maana leo nimempa. Sasa wewe kijana, nimepokea wageni miaka mingi. Wapo wanaokuja kupumzika, wapo wanaokuja kukimbia. Tangu ufike hujakalia kiti changu hata dakika kumi. Sijui umebeba nini na sikuulizi. Ila naona si mzigo wako. Mpelekee mwenyewe."

Nikaenda. Baba alikuwa ameketi kitandani anapanga nguo kwenye mfuko. Nikaanza kusema nikiwa nimesimama mlangoni. Akagonga godoro kwa kiganja, "Kaa." Nikakaa. Nikamweleza yote, ini, uvimbe, miezi, na mlango ule uliofungwa. Nililia, sioni haya kukwambia.

Nilitegemea naye atalia, au atasema Mungu ndiye ajuaye. Baba alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika vile.

"Daktari alikwambia lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi," akasema. "Jana tulikuwa Ilagala."

"Ndiyo, baba."

"Unajua nani anakaa Ilagala?"

Sikujua. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba nina baba mdogo. Yohana, mdogo wake wa tumbo moja. Waligombania shamba la baba yao kabla mimi sijazaliwa, wakaapizana, huyu akashuka ziwani kuvua, yule akabaki mlimani, na jina la mwenzake likawa halitajwi nyumbani. "Jana tumepita mlangoni kwake," baba akasema. "Nimemwona kwa macho yangu anashona wavu. Nikajiambia, msimu wa kahawa ukiisha nitakuja. Ningejua, ningeshuka."

Hatukunywa hata chai. Mama Zuhura alitufungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, nikaendesha hadi Ilagala nikiwa siioni barabara vizuri. Tulipofika, mkewe alitupokea kwa adabu zote. Akasema Yohana ameondoka alfajiri ile ile na mtumbwi wa wenzake, wamekwenda kambi ya kusini kuvua, hurudi baada ya mwezi, pengine miwili. Baba alikaa pale siku tatu, pembeni ya nyavu, akitazama maji. Tulituma ujumbe kwa kila mtumbwi uliokuwa ukielekea kusini. Maumivu yalipozidi nikamrudisha Kalinzi.

Ugonjwa ulikwenda mbio kuliko alivyosema daktari. Tulimzika kabla ya wiki ya saba.

Baba mdogo alifika kaburi likiwa bado bichi. Mzee mfupi, ana mabega ya baba na mwendo wa baba. Alisimama pale, halafu akanigeukia. "Mke wangu ameniambia mlipita mlangoni kwangu siku moja kabla sijaondoka. Na mimi niliwaona. Nilimjua kaka yangu. Kwa nini hakushuka?"

Ningeweza kumjibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Watu wote msibani walikuwa wakisema hivyo, na mdomo wangu ulikuwa umezoea njia za mkato. Nikamwambia, "Hakushuka kwa sababu alidhani ana muda. Na alidhani hivyo kwa sababu mimi nilijua, nikanyamaza." Hakunitukana. Alitikisa kichwa tu, akaenda kukaa peke yake.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi yasiyo yangu, na kifo cha baba kikaniumbua mimi.

Mwanangu, siku hizi nawaona mnawaleta wazazi wenu ziwani, mnawavalisha fulana zinazofanana, mnawapiga picha wakiwa wameshika samaki. Fanyeni, ni jambo jema, mzazi naye ana haki ya kula kilichopikwa na mwingine. Lakini kama kuna neno unalolikimbia, hakuna hoteli itakayolisema kwa niaba yako, na matembezi yote utakayompa hayatafika thamani ya hilo neno. Nilidhani nampa baba siku tano za raha. Kumbe nilikuwa namnyang'anya tatu, na moja kati ya hizo ndiyo aliyokuwa akiihitaji. Habari ya mwili wa mtu ni yake. Mpe kwanza, ikiwa mbichi, hata kama sauti inatetemeka, kisha mwache achague mwenyewe kama atapumzika, atalima, au atakwenda kubisha hodi kwa mtu. Na akikwambia kaa, kaa.

Mungu akujalie ulimi usioikimbia kweli na makalio mazito ya kukaa karibu na uwapendao. Nao wazee wako wasipite mlango wowote waliotaka kuingia, kwa sababu wewe ulijua ukanyamaza.