Mimea Iliyoinamia Ukuta

Sogea karibu unisikilize, na tafadhali usinikatize mpaka nimalize. Haya sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona mwenyewe, hapa hapa Isiolo, mchana, jua likiwaka huko nje. Mdogo wangu aliyekuwa nami yuko hai na unaweza kumuuliza, ingawa sidhani kama atakujibu.

Mimi nauza mimea ya kupamba nyumba. Jua letu la mtaa wa Wabera, pamoja na ule upepo mkavu, huua mimea laini kama kangaga kwa siku chache tu, kwa hiyo nilitafuta mahali penye kivuli na baridi. Nikapata chumba kilichochimbwa chini ya plot moja, jengo la ghorofa la kupangisha. Zamani kilikuwa stoo ya ngozi. Hakina dirisha, na kuta zake hutoa unyevu mwaka mzima. Mwenye plot, Mama Kendi, mfanyabiashara kutoka Meru, alinicheka akinipa ufunguo.

"Isiolo watu wanauza mbuzi, wewe unauza majani ambayo hata mbuzi hayali!"

"Wateja wangu hawana pembe, Mama Kendi," nikamjibu, naye akacheka zaidi.

Usidhani kupanda gizani ni kazi ngumu. Hata wewe unaweza. Tundika taa nyeupe katikati ya chumba, iwake tangu asubuhi mpaka jioni. Usimwage maji ovyo, maana penye unyevu mizizi huoza upesi; tia kidole kwenye udongo kwanza, na kikitoka kikavu ndipo umwagilie. Kisha zungusha vyungu mara kwa mara, kwa sababu mmea hufuata mwanga. Ukiuacha utainama upande wa taa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mimea yangu haikuinamia taa.

Yote iliinamia ukuta wa nyuma, ule wenye giza kuliko zote. Nikaizungusha. Baada ya siku chache ikarudi vilevile. Nikahamisha taa, majani yakaipa mgongo. Nikapapasa ukuta mzima nikitafuta ufa unaopitisha mwanga, sikupata hata tundu la sindano. Nikamuuliza Mama Kendi nyuma ya ukuta ule kuna nini.

"Udongo na mawe. Kwani unataka nikuongezee chumba?"

Wakati huo mdogo wangu Nuria alikuwa akiishi kwangu. Mumewe, Galgalo, alikuwa amefariki. Alianguka na pikipiki akirudi kutoka soko la mifugo la Oldonyiro. Nuria alikuwa hali, halali. Nikampa kazi ya kumwagilia, nikiamini kijani kitamtuliza. Na kweli, alipenda kushuka kule. Nilifurahi, mpaka nilipoona kwamba hata tukiwa nyumbani, sahani iko mbele yake, kichwa chake kinaegemea upande mmoja.

"Shingo ina nini?"

"Nimelalia vibaya, dada."

Upande ule, ukitoka nje ya mlango wangu na kwenda moja kwa moja, unafika kwenye plot ya Mama Kendi.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, stima ilipotea mtaa mzima. Nikakumbuka Nuria yuko chini gizani. Nikashuka na tochi ya simu.

Nilimkuta ameketi sakafuni katikati ya vyungu, macho wazi, mwili wote umeinamia ukuta kwa mwinamo uleule wa mimea. Niamini, mtu hawezi kuinama vile bila kuanguka. Kabla sijamwita, sauti ikatoka ndani ya ukuta.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Nuria akafungua mdomo. Si unajua jinsi ulimi unavyosema karibu wenyewe, kabla hujafikiri? Nilimrukia nikamfunika mdomo kwa kiganja. Sisi tumelelewa hivi: mgeni hubisha hodi mara tatu, na asipojibiwa huenda zake. Nilishika desturi hiyo, maana sikuwa na kingine cha kushika.

"Hodi."

Mara hii ilikuwa sauti yangu. Yangu mimi, nami nimeuma meno! Simu ikaniponyoka, mwanga ukalala sakafuni. Majani yakaanza kusugua ukuta, na mle ndani hamkuwa na upepo.

Halafu mtu akakohoa kidogo kule ndani, jinsi Galgalo alivyokohoa kila alipofika mlangoni.

"Hodi, Nuria. Nimechoka kusimama."

Nuria akaniuma. Aliuma mpaka damu ikanitiririka mkononi, huku akipiga vyungu mateke ajinasue. Nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote nikimwambia sikioni, "Si yeye! Galgalo hakuwahi kufika mlango wowote bila salaam aleikum. Huyu hajatoa salaam hata mara moja. Sikiliza, Nuria, hajatoa salaam!"

Hodi ya nne haikuja. Tulisikia nyayo zikigeuka na kwenda mbali, taratibu, ndani ya udongo ule na mawe. Nilipookota simu na kumulika, kila mmea uliobaki kwenye chungu ulikuwa umesimama wima.

Sikurudi tena kule. Mimea yangu sasa iko nyuma ya nyumba, chini ya neti, na mingi hunifia kwa joto. Sijali. Nuria anakula, analala, na shingo yake imenyooka. Lakini hajanisamehe. Juzi tulikuwa tukipangusa majani pamoja, nikamkumbusha kwa upole habari ya ile salaam. Hakuinua macho.

"Labda alisahau, dada," akasema. "Mtu akifa, si anaweza kusahau?"

Nikachukua jani jingine nikalipangusa.

Kwa hiyo wewe mwenye chumba cha chini, panda, usivunjike moyo. Lakini anza na chungu kimoja. Kiweke karibu na taa, usikizungushe, kisha utazame kinainamia wapi. Kikiinamia taa, ongeza vingine. Kikiinamia ukuta, kipandishe juu, funga mlango, na usishuke tena.