Siku jirani yetu alikimbia mu sale ya parokia

Mwezi uliopita binti yangu alirudi toka Kalemie na bato, ile meli ya ziwa. Kumuona tu, minye nikamukimbilia pale ku bandari, majirani wakaanza kunicheka: "Eh mama, mutu muzima sawa weye iko unakimbia?" Na minye nikacheka. Njo nikakumbuka jirani yetu wa Mulongwe wakati ya utoto, fundi wa nguo, muchekeshaji wa teatre ya parokia.

Rafiki, ungemuona yule baba! Nyanya alikuwa ananituma kwake kila siku ya posho, Jumamosi, mikono yangu ingali na harufu ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa, zenye tulianika asubuhi ku muchanga. Mashini yake inalia, lakini macho iko ku njia: anaangalia namna muuza samaki anatembea, namna mulevi anasalimia. Siku ya teatre tunawaona wote ndani yake. Miaka yote walimupatiaka nafasi ndogo tu: mama mukwe, mulevi, mutu wa duane mwenye kulipisha kodi ku bandari. Akiingia tu, tunashika mbavu.

Mwaka moja, mu Kwaresima, akamuomba mwalimu mwenye kuongoza teatre amupatie nafasi ya baba wa mwana mupotevu. Mwalimu akakataa. "Weye? Watakucheka, na neno la Mungu litageuka muchezo." Akarudi kuomba wiki mbili, mpaka mwalimu akachoka. "Basi, sawa. Lakini tembea polepole kama muzee. Wakicheka, hautapata tena nafasi kama ile."

Kwetu muzee hakimbiaki mbele ya watu. Hata ngombe ikipotea, anatuma watoto.

Siku yenyewe, mwana akatokea ku mulango wa nyuma wa sale, ile nyumba kubwa ya mikutano, amevaa matambara. Jirani yetu akasimama. Akakimbia! Kiatu moja ikabaki njiani. Sale yote ikacheka, mwalimu akashika kichwa. Yeye hakuangalia mutu. Alipita katikati ya mabenchi, akamukumbatia yule kijana ku shingo, akamukamata tu. Kicheko kikapungua, benchi kwa benchi. Nyanya, mwenye mutoto wake alienda ku machimbo na hakurudi, akapiga magoti chini. Tukasikia sauti ya ziwa tu.

Kutoka inje, mwalimu akamuuliza: "Sasa juu ya nini ulikimbia?"

"Mwalimu, Injili inasema alikimbia. Tena, kicheko wananipatiaka kila siku. Leo wamenipatia kimya."

Pasaka ilipofika, yeye mwenyewe akaomba wamurudishie nafasi yake ya mama mukwe. Na tulicheka vile!

Leo ile sale maji ya muto Mulongwe iliibeba, yeye amelala ku makaburi, na watoto wangu wanacheka kila mutu peke yake mu telefone. Silalamiki, Mungu ametulinda. Lakini ile kimya ya watu mingi pamoja ninaisikiaka tu mu misa, wakati padri anainua Ostia. Na pale ninamuombea.