Shosho Hakuwahi Kuhesabu Watoto

Nilipokuwa mtoto, pale mtaani Mowlem, nilikatazwa kuhesabu watu. Viazi ningehesabu, ngazi za ghorofa ningehesabu, hata kuku wa jirani mradi mwenyewe asinione. Watu, hapana. Aliyenikataza ni Shosho, mamake baba, ambaye siku sita za wiki aliuza viazi katika soko la Kariobangi na siku ya saba akafundisha shule ya Jumapili katika kanisa letu la mabati.

"Ukihesabu watu," alikuwa akisema, "unaonyesha mauti mahali pa kuanzia."

Ni imani ya kale ya Wakikuyu. Hata mabinti wa babu yetu wa kwanza, ambao walikuwa kumi, husemwa ni tisa kamili, ili jicho baya lisipate hesabu yao. Shosho aliokoka akiwa msichana lakini hakuona ugomvi wowote kati ya mila hiyo na Biblia. Kwani Mfalme Daudi hakuwahesabu watu wake na tauni ikaingia nchini? Baba yangu, fundi wa kunyoosha magari yaliyobondeka, alipenda kumchokoza. "Mathe, lakini Daudi hakuwa Mkikuyu." Shosho alimjibu kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Daudi.

Kwa sababu hiyo darasa lake halikuwa na daftari la mahudhurio. Badala yake lilikuwa na sala ya majina. Kila Jumapili, kabla ya somo, Shosho alipita akituwekea mkono kichwani mmoja mmoja, akimtajia Mungu jina la mtoto na shida yake. Wafula na masikio yake yanayotoa usaha. Wambui na babake aliyefutwa kazi. Njeri, ambaye ni mimi, na mdomo wake. Sala hiyo ilikuwa ndefu, na mimi, niseme ukweli, niliichukia. Miguu ilikufa ganzi na tumbo likanguruma, naye Shosho bado yuko safu ya pili.

Nilipokuwa darasa la nne alikuja msaidizi, kijana tuliyemwita Mwalimu Musa. Alikuwa mtu mwema aliyependa karatasi. Jumapili moja kanisa mama lililoko Kariobangi lilialika watoto wa makanisa yote madogo waje waimbe na kula pilau, na asubuhi hiyo, kabla hatujaondoka, likataka kujua tutakuwa wangapi.

"Andika, wa kutosha," Shosho alimwambia.

"Shosho, hawawezi kupika pilau ya wa kutosha."

"Basi wapike nyingi."

Mwalimu Musa aliniita pembeni. Alikuwa amesikia kwamba hesabu ndilo somo nililoongoza shuleni, akaniomba nimsaidie kimyakimya. Sifa zilinilewesha. Nilipita nyuma ya watoto nikijifanya ninawapanga, nikajihesabu wa kwanza, kisha nikamgusa kila mmoja begani kwa kidole. Thelathini na mmoja. Aliandika, akanipongeza, na papo hapo kidole changu kikaanza kuwasha. Nilijua ni upuzi, lakini kilinichoma njia nzima.

Wa mwisho niliyemgusa alikuwa Nekesa, mtoto wa miaka mitano ambaye familia yake ilikuwa imehamia juzi tu kutoka Bungoma. Mamake alikuwa amemleta asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza. Alimkabidhi kwa Shosho kwa mikono miwili, akasema, "Mama, huyu ndiye niko naye peke yake." Shosho akamuuliza jina la mtoto, akalirudia mara tatu, akamwambia aende kwa amani.

Tulitembea wawili wawili tukishikana mikono, mmoja akibaki peke yake nyuma, mpaka Kariobangi. Karakana nyingi za mafundi wa jua kali hufungwa Jumapili, ila nyundo hazikosi, na barabarani palikuwa na boda boda, mikokoteni na watu wa sokoni. Tulipofika kwenye lango la kanisa Mwalimu Musa alituhesabu tukiingia, safari hii waziwazi. Thelathini na mmoja. Alitabasamu akamwambia Shosho wote wamefika, pilau iko tayari.

"Tuombe kwanza," Shosho akasema.

Tuliguna kimoyomoyo. Alianza kupita na mkono wake, kichwa hadi kichwa, jina hadi jina, mpaka mwisho wa safu. Hapo aliweka mkono juu ya kichwa kimoja. Akafumbua macho. Mbele yake alisimama msichana mwembamba mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua.

"Wewe unaitwa nani?"

"Achieng'."

"Umetoka wapi, Achieng'?"

"Hapo tu. Nilisikia kuna pilau, nikajiunga kwa laini."

Shosho alitutazama sote mara moja tu. "Nekesa hayuko," akasema.

Mwalimu Musa aliikodolea macho karatasi yake. Idadi ilikuwa sawa, ila mtoto alikuwa amepotea. Mimi nilijua kilichotokea. Nilikuwa nimewahesabu watu, nikaishia kwa Nekesa, na mauti imepata mahali pa kuanzia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa guu lililovunjika halikuwa langu. Lilikuwa la mtoto wa pekee wa mtu.

Shosho alimwachia Mwalimu Musa wale wengine, akanishika mkono tukarudi kwa njia tuliyojia. Aliuliza kila mtu: wauza mahindi, vijana wa boda boda, wanaume waliokuwa wakigonga masufuria. Hakuna aliyemwona. Nilijaribu kunyamaza nikashindwa. Mbele ya masufuria yale nililipuka kilio.

"Shosho, ni mimi nimemuua."

Alisimama. "Umemuua na nini?"

"Niliwahesabu. Mwalimu alinituma. Niliwagusa wote na hiki kidole."

Nilingoja kofi, na nilikuwa na hakika nalistahili. Shosho alikichukua kile kidole akakishika ndani ya ngumi yake. Mkono wake ulikuwa mkavu na ulinuka udongo wa viazi, hata Jumapili.

"Hiki kidole ni kidogo sana," akasema. "Hakiwezi kumshinda Mungu. Mimi nilikukataza kwa sababu mtu si kiazi, na nikakutisha kupita kiasi. Hilo ni kosa langu. Sasa nyamaza, ufikirie. Nekesa ulimgusa?"

"Ndio."

"Alikuwa aje?"

Nilifumba macho. Gauni la njano. Nywele zimefungwa mafundo manne. Nilipomgusa begani alikuwa ameinama akivuta kiatu cha kushoto, kwa sababu kamba yake ilikuwa imekatika na mamake aliifunga kwa uzi wa gunia. Alikuwa anachechemea. Kabla sijamaliza, Shosho alikuwa ameshika njia.

Kwenye kona ya soko palikuwa na fundi wa viatu chini ya mwavuli. Nekesa alikuwa amekaa juu ya debe, mguu mmoja peku, anatafuna kipande cha mahindi.

"Shosh, huyu mtoi ni wako?" fundi akauliza bila kuinua kichwa kutoka kwa sindano. "Alikuja tu akanipatia kiatu. Nikamuuliza, mathe yako ako wapi? Akaniambia yeye ako na Shosho. Nikajua basi mwenyewe atakuja."

Nekesa alikuwa amemjua Shosho kwa muda usiozidi saa mbili.

Shosho alipiga magoti pale pale, kwenye vipande vya ngozi na mpira wa tairi, akamwekea Nekesa mkono kichwani, akaendelea na sala yake pale alipoiachia. "Na huyu, Baba, ni Nekesa, na kiatu chake." Fundi akavua kofia. Mimi, niliyekuwa nimeichukia sala ile kila Jumapili, nililia kwa furaha, na nikasema amina kwa sauti mpaka watu wa sokoni wakageuka.

Tukirudi, Nekesa akiwa mgongoni mwa Shosho, nilimuuliza jambo lililonikera. Yule mchungaji wa kondoo mia, aliyewaacha tisini na tisa akamtafuta mmoja, alijuaje kuwa amepotea kama hakuwahesabu?

"Mama akiamka asubuhi huhesabu watoto?" akanijibu. "Anamkosa mmoja, basi."

Tulipoingia langoni watoto walipiga kelele za shangwe mpaka kina mama wa jikoni wakatoka na miiko. Achieng' alipewa sahani ya kwanza, na kutoka siku hiyo alikuwa akitembea kutoka Kariobangi kila Jumapili kuja kwetu, hata Jumapili zisizo na pilau. Tuliimba vibaya, sauti hazikupatana, lakini hakuna kanisa lililoimba kwa nguvu kutuzidi.

Shosho alishafariki. Siku hizi darasa lile la Mowlem ni langu, na ninahesabu watoto, kwa sababu kanisa linataka idadi na mimi siogopi tena. Nikishaandika, ninafunga daftari na kuanza majina. Watoto wanaguna kimoyomoyo. Ninawasikia, na ninawasamehe.

Mwezi uliopita mafua yaliniziba koo nikabaki bila sauti kabisa. Nilimwandikia msaidizi wangu kwenye karatasi kwamba leo turuke sala ya majina. Kabla hajamaliza kuisoma, binti yangu Wangari, mwenye miaka tisa na ambaye huguna kuliko wote, alisimama. Alianza safu ya kwanza. Aliwataja wote, na shida zao, bila karatasi: mwenye pumu, mwenye mtihani, mwenye nyanya aliyelazwa. Alipomfikia mgeni alimuuliza jina, akalirudia, akaendelea. Sikuwa nimemfundisha hata neno moja la sala ile. Nilikuwa nikidhani anasinzia.

Mwishoni alifika kwenye benchi nilipokaa. Aliniwekea kiganja kichwani, mbele ya wote, na hakuniita Mama. "Na huyu, Baba, ni Njeri," akasema, "na sauti yake." Tangu Shosho atuache, hakuna aliyekuwa amenitaja hivyo.