Shemasi Aliyeona Haya Kula Barabarani

Mwau wa Kasikeu ni fundi wa mawe, shemasi, baba wa watoto watatu, na mkaidi wa kupigiwa mfano. Alianza kukimbia akiwa na miaka arobaini na minne, siku pikipiki yake ilipokufa na kazi ikamngoja mbali, na tangu hapo mbio zikamwingia damuni. Mbio za Emali, kilomita arobaini na mbili, alikuwa amezijaribu mara mbili. Mara zote mbili nguvu zilimwishia kwenye kilomita ya thelathini, hapo hapo sokoni Kasikeu, mbele ya waumini wenzake. Akamwambia mkewe Mutanu kwamba akishindwa mara ya tatu, viatu atavigawa. Mutanu alijua hilo lingemuuma kuliko jino.

Tatizo halikuwa miguu. Siku tatu kabla ya mbio Mutanu alimjaza ugali, wali na viazi vitamu, maharagwe akiyaficha yasije yakamvuruga tumbo. Tatizo lilikuwa kuona haya. Mwau alilelewa akiambiwa kwamba mtu mzima hali akitembea, sembuse akikimbia.

"Deacon, lazima ukule kwa barabara," Mulinge, mwalimu aliyemfundisha mbio, alimwambia. "Mwili ikimaliza ile umeweka, utaenda na nini?"

"Nikule nikikimbia, kama mbuzi imeingia shamba ya watu? Wacha, mwalimu."

Wakakubaliana nusu nusu: mazoezini Mwau aliingia kichakani, akatafuna kiazi, akatoka akipangusa midomo. Lakini siku ya mbio watu walijipanga kando ya barabara, na kila kichaka kilikuwa na mtazamaji wake. Viazi vikabaki mfukoni. Na jua la Makueni halimjui shemasi.

Kilomita ya thelathini, pale pale sokoni Kasikeu, nguvu zikamwishia tena. Mwau akaketi juu ya jiwe, macho yakiona kiza. Mulinge, aliyekuwa akimngoja hapo, akamsihi ale; Mwau akatikisa kichwa. Kisha akatokea mtu aliyemmaliza kabisa: Kalunde, mama mkwe wake, na bakuli la viazi mkononi na kibuyu cha uji begani. Kwa mila ya Wakamba, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali, na kwa miaka ishirini na miwili Mwau hakuwahi kula mbele ya macho yake hata njugu. Akainamisha uso.

Kalunde akaweka bakuli na kibuyu chini, akampa mgongo, akavua leso aliyojitanda, akaitanua kwa mikono miwili.

"Nyinyi wote, angalieni huko!" akawaamuru watu. Akina mama wa kanisa wakageuka kwanza, wanaume wakafuata, hata Mulinge. "Sasa kula, mwanangu. Hakuna mtu anakuona."

Mwau akala. Viazi viwili, vitatu, akashushia uji wenye chumvi, mbele yake migongo tu. Nyuma ya leso ile akatambua kwamba mama huyu alikuwa amempikia miaka yote hiyo bila kujua kama chakula chake kinampendeza.

"Mama," akasema, "ni tamu sana."

Mabega ya Kalunde yakatikisika. "Basi beba ingine uende," akasema bila kugeuka.

Mutanu alikuwa akingoja Emali, mwisho wa mbio, tangu asubuhi, na watazamaji wengi walikuwa wameanza kwenda zao. Saa nane hivi akamwona mumewe akija katikati ya barabara, shemasi mzima, mbele ya watu wote, akitafuna.